Tone Moja kwa Sekunde

Saa kumi na mbili jioni, taa za tangi zinapoanza kufifia, mzee hushika kigurudumu cha mpira wa dripu, ule ule unaoning'inia kando ya kitanda cha mgonjwa hospitalini, akakilegeza kwa upana wa ukucha, kisha akainama kuhesabu. Hahesabu kwa sauti. Midomo tu ndiyo inayocheza. Tone likichelewa, analegeza tena kidogo. Likiwahi, anakaza. Akisharidhika huvuta kiti na kukaa pale dakika tano nzima, maana mpira uliobanwa hujilaza polepole, na kasi aliyoipima sasa huenda ikabadilika akishageuza kisogo. Anachotaka ni tone moja kwa sekunde. Matone 20 hufanya mililita moja. Ikifika saa mbili asubuhi, lita mbili na nusu za maji ya chokaa zitakuwa zimeingia katika tangi la lita 300, na hakuna samaki hata mmoja atakayekuwa ameshtuka.

Huu ni mwaka wa tatu namtazama mzee huyu, katika nyumba yake ya ghorofa ya pili hapa Berlin, ukuta mmoja na kwangu. Alikuwa dereva wa treni hadi alipostaafu. Siku ya kwanza aliponikaribisha nilijua naenda kuonyeshwa samaki. Nikakuta matumbawe. Matumbawe hai: ya matawi kama pembe za paa, ya mabamba kama sinia, ya mviringo yenye mikunjo kama ubongo, na juu ya kila moja mamia ya vinywa vidogo vilivyofunguka. Mimi nimezaliwa Unguja. Nyumba yetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, kisima chetu kimechimbwa ndani yake, na tangu utotoni nimeyakanyaga nikienda pwani maji yakitoka. Ilinibidi nije Ujerumani nimwone mtu akiyahudumia kama mgonjwa na kama mtoto mchanga, kwa pamoja.

Tumbawe ni mnyama mdogo laini anayejijengea jiwe chini yake. Huchukua kalsiamu na kaboneti kutoka majini, akaziunganisha zikawa aragonaiti, madini yale yale yaliyomo katika maganda ya konokono wengi wa baharini. Baharini hakuna anayehitaji kumsaidia, kwa kuwa maji hayaishi. Katika lita 300 mambo ni mengine. Matumbawe ya mzee hutengeneza gramu 5 hivi za jiwe kila siku ya Mungu, uzito wa kijiko cha chai cha sukari. Kila kilichoingia kwenye jiwe kimetoka kwenye maji, na maji hayo hayana mto wala mvua ya kuyarudishia. Mwenye tangi ndiye mto, naye ndiye mvua.

Nilidhani basi kazi yake ni kupima kalsiamu. Akanitolea daftari lake la mistari ya mraba akanionyesha hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kumheshimu kwa dhati. Maji ya bahari yana miligramu 420 hivi za kalsiamu katika kila lita. Matumbawe yake yakijenga siku nzima, kalsiamu hiyo hushuka kwa miligramu 7 tu. Vifaa vya kupimia vya nyumbani haviwezi kuona tofauti ndogo hivyo. Lakini upande wa kaboneti, ambao Wajerumani huupima kwa nyuzi za KH, bahari ina nyuzi 7 hivi tu, na kazi ile ile ya siku moja hupunguza uzi mmoja mzima. Kalsiamu ni gunia la mchele lililoko stoo: ukichota kibaba, gunia halionyeshi. KH ni kopo la sukari mezani, asubuhi limejaa na jioni unaona kitako. Zote mbili huliwa pamoja, kwa uwiano usiobadilika, lakini kopo litakwisha zamani kabla gunia halijalegea. Kwa hiyo mzee hupima KH kila siku, kalsiamu mara moja kwa wiki, na magnesiamu mara moja kwa mwezi.

Magnesiamu haijengi sana, ila ndiyo inayolinda amani. Maji ya bahari yamebeba kalsiamu na kaboneti nyingi kuliko yanavyostahili kubeba. Kwa haki yake, aragonaiti ingejitenga yenyewe na kuanguka chini. Magnesiamu hujipachika juu ya kila chembe ya jiwe inayotaka kuanza kukua na kuizuia. Ikipungua chini sana ya zile miligramu 1,300 za bahari, utatia kalsiamu na kaboneti usiku na mchana bila kuona vikipanda, maana vitakuwa vinageuka ukoko kwenye kuta za pampu.

Kupima KH kwenyewe ni jambo la kutazamwa. Hufanya saa kumi jioni, kila siku saa hiyo hiyo, kwa kuwa matumbawe hujenga zaidi mchana kuliko usiku na kipimo cha asubuhi hakiwezi kulinganishwa na cha jioni. Huchota mililita 5 za maji ya tangi katika kichupa cha kioo, akatia matone ya rangi, maji yakawa ya bluu. Kisha bomba la sindano la mililita moja, lisilo na sindano, lenye asidi. Anasimama dirishani, si chini ya taa, karatasi nyeupe nyuma ya kichupa. Tone, anatikisa. Tone, anatikisa. Bluu inaanza kuyumba, inakuwa kijani cha dafu, na hapo ndipo mkono wake unapopungua mwendo. Tone la mwisho halidondoshi. Anagusisha ncha ya bomba kwenye ukuta wa kichupa ili nusu ya tone tu iteleze chini, anatikisa, anasubiri. Njano. Anasoma namba, anaandika 7.4, halafu anakiosha kichupa mara tatu kwa maji ya tangi kabla ya kukirudisha mahali pake.

Katika daftari lile kuna safu ya namba na kando yake safu ya maneno. "Ncha za kushoto nyeupe." Ncha nyeupe ni habari njema, ni jiwe jipya ambalo bado halijapata rangi. "Konokono wote juu ya kioo." "Zambarau imefika nyuma ya jiwe kubwa," yaani ule mwani mgumu unaopaka mawe rangi, ambao nao hula kalsiamu ile ile. Safu ya maneno huchelewa. Tumbawe likionyesha maumivu leo, kosa lilitendeka siku nyingi zilizopita. Safu ya namba ndiyo inayowahi, lakini namba moja peke yake haina maana. Nimeiona KH ikisoma 7.7 badala ya 7.4 na mzee asiguse kitu. Kesho yake 7.6, asiguse. Siku ya tatu 7.7 tena, ndipo akapunguza maji ya chokaa, na si zaidi ya sehemu moja ya kumi. Wengi wanaoanza ufugaji huu hufukuza namba: leo wanatia, kesho wanapunguza, na kila wanaporekebisha wanazua jipya la kurekebisha. Nimeona matangi yenye nyuzi 7 na matangi yenye nyuzi 9, na matumbawe yanapendeza kote kuwili. Kinachounguza ncha za matawi ni kulivusha tumbawe kutoka 7 hadi 9 kwa usiku mmoja.

Siku nilipomuuliza unga ule mweupe ni nini, alinipa kopo. Hidroksidi ya kalsiamu, iliandikwa kwa Kijerumani. Nikachovya kidole, nikasugua, ukateleza kwa ule ulaini mkavu nilioujua kabla sijajua kusoma. Ilikuwa chokaa. Chokaa ya tambuu.

Bibi yangu, hadi leo, hukunja tambuu kila baada ya chakula. Jani la mtambuu juu ya paja, popoo iliyokatwa, katu, na chokaa iliyopakwa kwa ncha ya kidole cha shahada. Ile chokaa ndiyo mtihani wote. Ikipungua, tambuu haina ladha wala haitoi wekundu. Ikizidi, inachoma ulimi na kuchubua shavu kwa ndani. Nilipokuwa mdogo nilimwiga nikachota kama siagi ya mkate. "Punguza, mwanangu," aliniambia, "hiyo utajiunguza." Akafuta jani zima, ukabaki weupe wa kuonekana tu kwa kuulenga mwangani.

Maji ya chokaa kwa Kijerumani huitwa Kalkwasser, maana ni hiyo hiyo. Aliyeyaingiza katika ufugaji wa matumbawe ni Peter Wilkens, katika miaka ya 1970, wakati ambapo watu wengi waliamini kuwa tumbawe la mawe haliwezi kuishi ndani ya nyumba. Aliona kitu ambacho ukishakielewa unashangaa urahisi wake. Kila siku maji hukauka tangini na chumvi hubaki. Lazima urudishe maji matamu. Basi maji hayo unayorudisha, kwa nini yaende mikono mitupu?

Chokaa haiyeyuki sana. Gramu moja na nusu hivi kwa lita, basi. Ukizidisha hukaa chini kama uji. Na hili nalo ni baraka, maana maji ya chokaa yaliyoshiba huwa na nguvu ile ile kila siku bila ya mtu kupima kwa mizani nzuri. Mzee huyatengeneza asubuhi katika kidumu kirefu, kwa maji yaliyopitishwa kwenye chujio la osmosisi, kwani maji ya bomba ya Berlin ni magumu, huacha ukoko kwenye birika. Anatia unga, anafunga, anatikisa, anayaacha yatulie mchana kutwa. Jioni kidumu huwa na sehemu tatu. Chini kuna matope meupe. Juu kuna utando mwembamba kama malai ya maziwa, ambao ni chokaa iliyokutana na hewa ukaa ikageuka jiwe. Katikati kuna maji maangavu kabisa, ambayo usingeambiwa ungeyanywa na yangekuunguza koo. Mdomo wa mpira umefungwa kwenye kijiti ili ukae vidole vitatu juu ya sakafu ya kidumu. Matope yasivutwe. Utando usivunjwe.

Na kwa nini usiku? Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao mchana hutumia hewa ukaa kujitengenezea chakula. Taa zikizimwa mwani huacha kazi, lakini wanyama wote tangini wanaendelea kupumua, hewa ukaa inarundikana, na maji yanasogea upande wa asidi. Chokaa ni kali upande wa pili. Tone linapoanguka linakutana na pumzi za usiku ule, linazidaka, na kutoka hapo inapatikana ile kaboneti ambayo tumbawe linaihitaji. Kila ninapokaa pale sebuleni gizani nikisikia tone likigonga maji, hilo ndilo huniganda moyoni: pumzi ya samaki aliyelala inashonwa kuwa jiwe.

Kwetu njia hii ilipitiwa kinyume. Mafundi wa pwani walipanga magogo, juu yake wakarundika mawe ya matumbawe, wakayatia moto. Joto likaifukuza hewa ukaa, jiwe likawa jepesi na kali. Likamwagiwa maji likachemka lenyewe na kupasuka kuwa unga. Kwa unga huo kuta za Lamu, za Mji Mkongwe na za Kilwa Kisiwani zilishikana na kupigwa lipu, na ukutani chokaa ikavuta tena hewa ukaa mwaka hadi mwaka mpaka ikarudi kuwa jiwe. Kazi ile imetuachia uzuri usiosemeka, na imekula miamba na mikoko pia. Nilipokwenda likizo nilimletea mzee kikopo cha chokaa kutoka soko la Darajani. Alikifungua, akanusa, akakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitu cha thamani. Lakini hakukitia tangini. Akanieleza kwa upole kuwa chokaa ya tanuu ina majivu, ina chuma, ina mengine ambayo mdomo wa binadamu hauyajali, na tangini kinachoingia hakitoki: maji huruka, yote mengine hubaki na kujilimbikiza. Kikopo kiko rafuni, juu ya tangi, mpaka leo.

Nilijifunza uzito wa maneno hayo kwa kosa langu. Alisafiri wiki moja kumuuguza dada yake, akaniachia kazi. Siku ya nne mpira uliziba kwa ukoko. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini zamu ya usiku. Nikafungua kigurudumu chote ili ukoko usukumwe, nikatikisa kidumu, simu ikalia, nikatoka. Niliporudi alfajiri, kidumu kilikuwa kimebaki na vidole vitatu tu vya maji, na matope mengi yalikuwa yameingia tangini. Tangi lilikuwa bakuli la maziwa. Sikuona samaki wala jiwe. Konokono walikuwa wamejifunga, na matawi yaliyokuwa yamevaa nywele laini za vinywa yalikuwa uchi.

Nilidhani sasa KH imepanda mno. Nilipopima kesho yake, ukungu ulipoanza kutulia, ilisoma 6.2. Nilipima tena nikidhani nimekosea. Ilikuwa 6.2. Nilikuwa nimetia mara nyingi ya kipimo na maji yakabaki na pungufu ya mwanzo, kwa sababu weupe ule ulikuwa ni jiwe: kila chembe ya chokaa iliyoganda iliipa nyingine pa kugandia, na maanguko hayo yakazoa hata kile kilichokuwamo zamani. Nikampigia mzee simu. Hakunilaumu. Aliuliza kama pampu zinazunguka, aliuliza joto, kisha akasema nisitie chochote siku hiyo. Kesho yake nichukue kijiko kimoja cha chai, bapa, cha magadi soda ile ya kuumulia maandazi, gramu nne na nusu hivi, niyeyushe katika lita ya maji safi na kumimina polepole pale mkondo unapokwenda kasi. Nusu uzi kwa siku, si zaidi. Ilichukua siku tatu. Ncha kadhaa zilibaki nyeupe ule weupe mbaya, wa mfupa, na moja haikurudi. Kwenye safu ya maneno ya daftari aliandika tarehe na neno moja, "ukungu", bila jina langu.

Maji ya chokaa yana mpaka wake: huwezi kutia zaidi ya maji yaliyokauka. Tangi likijaa matumbawe makubwa, njaa yao hupita kidumu. Hapo wako wanaoyeyusha changarawe za matumbawe kwa hewa ukaa ndani ya mtungi. Wako wanaofuata Hans-Werner Balling, Mjerumani aliyegawa chumvi hizi katika miyeyusho mbalimbali, au Randy Holmes-Farley, mkemia wa Marekani, ambaye mwaka 2006 aliwapa wafugaji kanuni ya kupika wenyewe kwa magadi soda na kwa kloridi ya kalsiamu, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kinachotakiwa ni miyeyusho hiyo isikutane kabla ya kuchanganyika na maji mengi; ikimiminwa mahali pamoja, unapata maziwa yangu yale. Siku hizi pampu ndogo hugawa dozi ya siku katika vipande 24 bila kusinzia, na kwa uthabiti zinamshinda binadamu, sina ubishi. Lakini pampu haitazami. Itaendelea kutia kipimo cha mwezi uliopita kwa matumbawe ya mwezi huu, mpaka mtu asimame dirishani na kichupa chake.

Uthabiti huu una matunda makubwa kuliko sebule. Jijini humu Dietrich Stüber alikuza tumbawe la matawi ambalo vipande vyake vilipitishwa mkono kwa mkono hadi Marekani. Katika makumbusho ya Horniman, London, Jamie Craggs na wenzake walichapisha mwaka 2017 jinsi walivyoyafanya matumbawe yatage mayai ndani ya tangi kwa kuiga joto, jua na mwezi wa huko yalikotoka. Mwaka 2019 jumba la viumbe wa majini la Florida Aquarium lilifanya hivyo kwa tumbawe la nguzo la Karibi, ambalo baharini limekaribia kutoweka. Ni shida mnyama kutoa mayai akiwa anahangaika na maji.

Nami nina kipande. Mzee alikikata kwa koleo mwaka jana, kikubwa kama ncha ya kidole, akakigandisha kwa gundi juu ya jiwe, akanipa ndani ya kopo la mtindi. Kiko katika tangi langu la lita 60, pamoja na vingine vitatu, na vyote kwa pamoja vinahitaji mililita 150 tu za maji ya chokaa kwa usiku. Dripu yangu ni ya polepole sana, tone moja kila sekunde 15 au zaidi, na kuipata kasi hiyo ni kazi ya nusu saa.

Juzi bibi alipiga simu nikiwa katikati. Nikaweka spika kando ya tangi, nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana afya za watu wa nyumbani. Kisha akanyamaza.

"Nini hicho kinadondoka?"

"Chokaa, bibi."

"Chokaa ya nini huko Ulaya?"

Nikamwambia ya matumbawe. Akataka kujua kama yanaota. Nikamwambia lile la matawi limetoa vidole viwili vipya tangu Ramadhani, na ncha zake ni nyeupe.

"Basi shughulika na hesabu yako, mwanangu," akasema. "Mimi nitapiga kesho." Akakata.